Namba za Vitabu Zisiwapoteze Wasomaji

Umeuliza ufanyeje ili wasomaji waache kurudi kwenye dawati lako la maktaba na namba ya kitabu mkononi, ilhali kitabu chenyewe kipo rafuni. Kwa maoni yangu, kinachowakwaza zaidi ni nukta. Msomaji anayetafuta 641.35 huipita 641.5, ambayo katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba za masomo, ni ya mapishi, akidhani kwamba 35 lazima ije baada ya 5. Kumbe tarakimu zinazofuata nukta husomwa moja moja, na kwa kuwa 3 hutangulia 5, kitabu chake amekwisha kukiacha upande wa kushoto. Mfano huo mmoja, ukiandikwa kwa herufi kubwa na kubandikwa mwanzoni mwa kila kabati, utasaidia kuliko bango lenye madaraja yote 10 ya masomo ya mfumo huo, ambalo, tusidanganyane, hakuna alisomaye. Katika lebo ya mgongoni, tenganisha mistari: tarakimu juu, herufi za jina la mwandishi chini. Andika pia jina la somo kwenye rafu, kwani anayetaka mapishi hutafuta mapishi, si 641.5. Namba ndefu mno zifupishe, mradi katalogi nayo irekebishwe siku hiyo hiyo.