Raba ziko kwa boksi, na lawama ziko kwa mume

"Shikamoo shangazi. Niko Busia, miaka 41. Mtoto wangu alipougua niliweka nadhiri kwamba akipona nitaenda kuhiji Namugongo, Uganda, kwa miguu. Akapona. Huu ni mwaka wa tatu najiandikisha na kikundi cha parokia halafu siendi, nguvu ya kuanza sina. Mume wangu hanipi moyo, ananiuliza tu 'kwani utaenda lini?' Raba alizoninunulia mwaka juzi bado ziko kwa boksi. Mama mkwe naye kila saa anasema atabaki na watoto, naona anataka tu nitoke kwa nyumba. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa yale ya mtoto, kukesha na mgonjwa kunamaliza mtu, na nashukuru Mungu alipona.

Sasa rudia kusoma barua yako mwenyewe. Unasema mume hakupi moyo, na mstari unaofuata ni raba alizokununulia kwa pesa yake! Akiuliza utaenda lini unasikia kama ametukana. Hapo mimi nasimama na yeye. Na huyo mama mkwe mshukuru, wenzako wanabaki nyumbani kwa kukosa mtu wa kuachia watoto, wewe umepewa nyanya yao mwenyewe na bado unamtafutia kosa.

Ninavyokusoma, unaogopa. Unaogopa miguu ikukatae ukifika Iganga, upakiwe kwa gari wanajumuiya wakikuona. Hofu hiyo naielewa kabisa, karibu kilomita 200, Bugiri, Iganga, Jinja, msitu wa Mabira, Mukono, jua na malori kando yako siku nzima. Lakini ni hofu yako, usimvalishe mumeo.

Ndoa za siku hizi kila mtu anataka mwenzake awe mshangiliaji, asubuhi akuambie unaweza, jioni akuambie unaweza, na ukishindwa eti ni yeye hakukushangilia vya kutosha. Nadhiri uliiweka wewe na Mungu wako, mwanangu, yeye amechangia viatu, ametosha.

Na wale unaowaendea, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, nao walitembezwa hadi Namugongo. Walitolewa Munyonyo wamefungwa, Ponsiano Ngondwe akauawa njiani, na tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga, kiongozi wao, akachomwa polepole kuanzia miguuni. Nikifikiria hiyo miguu siwezi kukuambia usubiri mpaka usikie hamu.

Kwa sababu hakuna siku utaamka na nguvu za kilomita 200. Jumapili enda misa kwa miguu, acha boda. Wiki ijayo tembea kilomita 5, baadaye 10, halafu 20 ukiwa na mzigo mgongoni. Hizo raba zivae sasa, ukizianzia safarini zitakuchuna siku ya kwanza, na upake mafuta ya mgando kwa vidole kabla ya soksi, malengelenge ndiyo huwarudisha watu wengi nyumbani. Usishindane na vijana wa mbele.

Kama kuna ugonjwa hukuniandikia, magoti au presha, muone paroko, ana uwezo wa kukubadilishia nadhiri ya binafsi. Ila umwambie ukweli, hii ya mume hanipi moyo usimpelekee.

Leo jioni toa hilo boksi, zivae, mwambie baba watoto akusindikize mpaka kanisani na kurudi. Akikuuliza tena utaenda lini, mpe tarehe.