Inhela haimzoeshi mtoto

Juzi dada mmoja wa Mbagala kaniandikia: mama mkwe wake kaificha inhela, kile kidude cha kuvutia dawa ya pumu, ya mjukuu wake wa miaka 6, eti "itamzoesha". Mtoto analambishwa asali na kitunguu maji. Damu ilinichemka, maana maneno hayo nimekua nayo.

Pumu ilinianza nikiwa shule ya msingi, Temeke. Usiku kifua kinapiga mluzi, mama kanikalisha kitandani ananisugua mgongo hadi adhana ya alfajiri. Majirani kila mmoja na mzizi wake. Ukubwani nikapata mchumba, na shangazi yake akatamka mbele yangu kwamba mgonjwa wa kifua si wa kuoa, atawaletea ukoo maradhi. Posa ikafia hapo. (Ni kweli pumu hutembea kwenye familia. Hata kisukari hutembea, na watu wanaoana.) Leo nina watoto wawili, na mwezi uliopita nimekimbia kilomita 10 nikapita Daraja la Tanzanite bila kusimama. Shangazi, kama unanisoma, shikamoo.

Sasa tuelewane. Mwenye pumu njia zake za hewa zina uvimbe kwa ndani hata siku anayojiona mzima. Vumbi, moshi wa mkaa, jirani anayechoma takataka, ukuta ulioota ukungu masika, mende, mafua: hivyo vinachokoza tu. Inhela ya bluu, salbutamol, inalegeza misuli iliyobana, unapata nafuu ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Inayotuliza uvimbe ni ile inhela ya kila siku, beclometasone, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Hiyo ndiyo watu wanaitupa kabatini wakisema haifanyi kazi, kwa kuwa matokeo yake yanakuja taratibu, kwa wiki. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, jopo la kimataifa la pumu, unasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamol peke yake.

Kwa hiyo dada yangu, ya kila siku ni ya kila siku. Narudia: hata kifua kikiwa shwari. Akimaliza asukutue mdomo, asiote utando mweupe. Na kama spesa, kile chombo cha dukani cha kupachika kwenye inhela ili mtoto avute dawa vizuri, ni ghali, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela, uingie kwa kubana. Mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa, ubonyeze mara moja, apumue taratibu mara kadhaa, ndipo ubonyeze tena.

Mama mkwe usigombane naye, nenda naye kliniki amsikie daktari mwenyewe.

Ila mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikizama anapovuta hewa, midomo ikigeuka rangi, au ya bluu isipomsaidia, hapo hakuna kikao cha ukoo. Endelea kumpa ya bluu kwa chupa huku mkienda hospitali kwa bajaji, bodaboda, gari la jirani, chochote kilicho karibu.