Mfuko wa hisa za uendelevu: fungua robota uone ndani

Tangu nirudi Tabora, ndugu walio nje hunipigia simu kuulizia mifuko ya hisa inayojiita endelevu, yaani fedha za watu wengi zinazokusanywa kununua hisa za kampuni zinazosemekana kujali mazingira na jamii. Nilianza kununua mfuko wa aina hiyo nikiwa kazini Ujerumani, kidogo kidogo kila mwezi, na bado ninao. Jina lake silitaji, halibadilishi ninachotaka kusema. Neno "endelevu" linakueleza kampuni zilichaguliwaje. Kama fedha yako iko salama, hilo halisemi.

Wengi wetu tumeijua mifuko kupitia vipande, yaani sehemu za mfuko, vya UTT AMIS, kampuni ya umma ya kusimamia mifuko ya uwekezaji, hasa Mfuko wa Ukwasi. Ule huweka fedha kwenye hatifungani (mikopo unayoipa serikali au kampuni kwa riba) na amana za benki, kwa hiyo bei ya kipande hupanda taratibu, na mtu analala usingizi. Ukiizoea hali hiyo ukaingia kwenye mfuko wa hisa, utashtuka. Kati ya Februari na Machi 2020, hisa kubwa za Marekani zilishuka zaidi ya asilimia 30 kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na mfuko wangu ukashuka nazo, wema wake wote kwa mazingira ukiwa palepale. Mke wangu alipoona salio kwenye simu aliniuliza kama tumeibiwa.

Hatari ya pili ni kujaza fedha mahali pamoja. Kuna mifuko mipana, ambayo huchukua mamia ya kampuni na kuondoa silaha, makaa ya mawe, sigara na kadhalika. Kuna pia ile ya mada moja, mfano nishati safi pekee, na hii ndiyo inayoumiza watu. Fahirisi ya S&P ya nishati safi duniani, yaani orodha ya hisa ambazo bei zake hupimwa kwa pamoja, ilipanda zaidi ya maradufu mwaka 2020. Watu wakaingia kwa fujo. Kisha ikashuka mwaka 2021, 2022, 2023 na 2024, miaka minne mfululizo. Haikuwa kwamba upepo umeacha kuvuma. Miradi ya umeme wa jua na upepo hujengwa kwa mikopo mikubwa, na benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka uliofuata. Kampuni ya Ørsted ya Denmark, mmoja wa vinara wa upepo wa baharini, ilifuta miradi miwili mikubwa pwani ya New Jersey Novemba 2023, na hisa zake zikaporomoka.

Sasa nije kwenye alama ambazo kampuni hupewa kwa uendelevu wao, na hapa watu wa Urambo na Kaliua watanielewa haraka kuliko wataalamu wa Frankfurt. Kwenye soko la tumbaku, robota, yaani mzigo wa majani uliofungwa, hupita mbele ya mteuzi, anapapasa jani, anataja daraja, na daraja ndilo bei. Mteuzi mwingine angeweza kutaja daraja jingine kwa jani lilelile. Na wapo wakulima wanaoficha jani baya katikati. Kampuni zinazotoa alama za uendelevu ni wateuzi wa namna hiyo. Watafiti wa MIT na wenzao walilinganisha alama za wateuzi sita wakubwa wakakuta uwiano wa wastani wa 0.54, ambapo 1 ingekuwa kukubaliana kabisa. Ndiyo maana Mei 2022 Tesla, watengenezaji wa magari ya umeme, waliondolewa kwenye fahirisi ya uendelevu ya S&P 500 huku Exxon ya mafuta ikibaki. Volkswagen ilikuwa ndani ya fahirisi ya uendelevu ya Dow Jones ulipofichuka udanganyifu wake wa moshi wa dizeli Septemba 2015. Hisa zake zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani ndani ya wiki mbili hivi, ndipo ikaondolewa.

Na British American Tobacco, kampuni ya sigara, imekaa miaka mingi kwenye fahirisi za Dow Jones za uendelevu. Sisi tunaojua mabani ya kukaushia tumbaku kwa kuni yamekula kiasi gani cha misitu ya miombo tunaruhusiwa kucheka kidogo.

Wauzaji wenyewe nao wana mchezo wao. Septemba 2023 kampuni ya DWS ya Ujerumani ilikubali kulipa dola milioni 19 kwa wasimamizi wa masoko wa Marekani, kwa kuwaeleza wateja kwamba inazingatia uendelevu kuliko ilivyokuwa ikifanya.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye kipeperushi: unachokiacha nje. Mwaka 2022 soko la Marekani lilishuka karibu asilimia 19, lakini hisa za mafuta na gesi zilipanda zaidi ya asilimia 50. Mimi sikuwa nazo. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza na nililikubali. Asiyeweza kulikubali asiingie.

Kwa hiyo mpwa wangu akiniuliza, "Mjomba, niingie?" namwambia aniletee orodha ya kampuni kumi kubwa ndani ya mfuko, na tozo ya mwaka. Tozo ya asilimia 1.5 kwenye shilingi milioni 10 ni 150,000 kila mwaka, upate usipate faida. Ya asilimia 0.2 ni 20,000. Ada ya shule ya mwakani isiguse huko. Na kama fedha itarudi nyumbani, akumbuke kwamba dola ilipita shilingi 2,600 katikati ya 2024, kisha mwisho wa mwaka huohuo ikawa karibu 2,400. Anayekuahidi faida maalumu kila mwezi kwa jina la kijani kwenye kundi la WhatsApp, mkimbie; wenye leseni wanajulikana CMSA, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji.

Aliye hapahapa na hataki misukosuko ya hisa anaweza kuangalia hatifungani za kijani, kama ile ya mamlaka ya maji ya Tanga ya 2024. Riba yake ya asilimia 13.5 imepangwa kwa miaka 10, ila ukitaka fedha yako kabla ya hapo lazima apatikane mnunuzi kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, naye atakuja na bei yake.