BMW R100RT kwenye gereji ya nyumbani: pima kabla hujalegeza nati

BMW R100RT ilianza kutoka kiwandani Berlin mwaka 1978, ikasitishwa 1984, ikarudi 1987 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Ni pikipiki ya safari ndefu hasa: kava kubwa la mbele linalokinga upepo na mvua, propela shafti badala ya mnyororo, na injini ya cc 980 yenye silinda mbili zilizolala kushoto na kulia. Karibu kila kitu kinafikika bila kushusha injini. Ndiyo maana ni mashine nzuri mno kwa mtu anayetaka kujitengenezea mwenyewe nyumbani. Hata hivyo nyingi zinazokufa mapema zimekufa mikononi mwa mtu aliyefungua bila kupima, akarudisha kwa kukisia. Haya yote, vipimo vichache vikibadilika, yanaihusu pia ndugu yake R80RT.

Mahali pa kazi hapahitaji kuwa pakubwa. Stendi ya katikati isimame kwenye sakafu ngumu isiyoinama, uwe na taa ya kuhamisha, na mlango uwe wazi. Moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, kwa hiyo usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa hata kwa dakika mbili. Vifaa visivyokwepeka ni fila geji, maltimita, kalipa, taa ya taiming na toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Usiikose toki renchi. Bolti nyingi za mashine hii zinaingia kwenye aluminiamu, na anayekaza kwa hisia ya mkono hung'oa nyuzi mapema au baadaye.

Kazi ya sevisi ina mpangilio wake: tapeti (mwanya unaoachwa kwenye valvu) kwanza, taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) ya pili, kabureta mwisho. Kabureta haziwezi kulingana ikiwa valvu za upande mmoja zimebana kuliko za upande wa pili. Anayeanza na kabureta atazungusha skrubu kutwa nzima, jioni mtetemo uko palepale.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Toa plagi zote mbili, weka karai chini ya kava la valvu kwa sababu oili kidogo itamwagika, kisha fungua. Tia gia ya tano na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono huku ukichungulia kwenye kidirisha cha upande wa kushoto wa injini, kile chenye kizibo cha mpira. Utaona herufi OT kwenye flaiwili zikifika katikati. Hapo pistoni zote mbili ziko juu, yaani mwisho wa nje wa silinda, lakini ni upande mmoja tu wenye valvu zote mbili zilizofungwa. Shika roka zake, mikono inayosukuma valvu, uzitikise: upande ambao zote zinacheza kidogo ndio wa kupima. Ukimaliza, zungusha injini mzunguko mmoja kamili hadi OT irudi, upime upande wa pili.

Kipimo ni milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa valvu ya ekzosi. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isilegee wala isilazimishwe. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, maana nati ile huvuta skrubu na kubadilisha kipimo. Kama unakagua pia nati za silinda hedi, fanya hivyo kabla ya tapeti: legeza kidogo moja baada ya nyingine, uzikaze kwa mkato wa msalaba, kwa awamu, hadi nyutoni mita 35. Usizidishe hata kidogo.

Andika kila kipimo kwenye daftari, upande kwa upande, pamoja na kilomita. Daftari ndilo litakalokuonyesha ugonjwa. Mashine za 1980 hadi 1984 zina siti za valvu za ekzosi zinazojulikana kwa kuliwa: valvu inazama ndani ya hedi na nafasi ya tapeti inapungua haraka. Ukikuta kila ukipima ekzosi imeshuka sana chini ya 0.20, kuendelea kuilegeza ni kuahirisha tu. Hedi inahitaji siti mpya kabla valvu haijaungua.

Sasa oili, na hapa tutakaa kidogo. Oili ni 20W-50, lita 2.25 ukibadilisha na filta, kila kilomita 7,500. Wanaopita kwenye vumbi na joto la Tsavo au Dodoma wabadilishe mapema zaidi. Kipimo cha oili husomwa kijiti kikiwa kimewekwa tu juu ya nyuzi bila kukazwa. Usijaze hadi alama ya juu, oili ya ziada itatupwa kwenye bomba la hewa na kulowesha chujio la hewa.

Filta iko mbele upande wa kulia, nyuma ya mfuniko mdogo wenye bolti tatu. Ndani yake kuna mkebe wa chuma uliopachikwa kwenye injini, na filta hukaa humo. Kati ya ukingo wa mkebe na mfuniko kuna oringi nyeupe yenye unene wa karibu milimita 4, pamoja na shimu, washa nyembamba ya chuma ya milimita 0.3. Oringi hii ndiyo inayotenganisha oili yenye presha na sampu, bakuli la oili chini ya injini. Isipobanwa sawasawa, oili inapita kando na kurudi chini kabla ya kufika kwenye beringi za kranki, na injini inajisaga huku sampu imejaa oili. Usiitegemee taa ya oili ikuonye: swichi yake huwaka presha ikiwa imeshaporomoka.

Kwa hiyo kila unapobadilisha filta, fanya hivi. Toa oringi ya zamani na uhakikishe haijaacha kipande. Chungulia ndani ya mkebe: mara nyingine mpira wa mwisho wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye bomba la katikati, na ukiweka filta mpya juu yake haitakaa. Safisha ukingo wa mkebe. Chukua mkia wa kalipa, pima kina kutoka uso ambao mfuniko hukalia hadi ukingo wa mkebe, sehemu nne kama saa 12, 3, 6 na 9. Unachotafuta ni oringi ibanwe karibu milimita moja. Kina kikiwa milimita 3 hivi, oringi ya 4 inabanwa vizuri. Kikikaribia 4 hakuna kinachobanwa, hapo ndipo shimu zinaongezwa. Ukiweka gasketi ya karatasi chini ya mfuniko, unene wake unajumlishwa kwenye kina, jambo ambalo wengi hulisahau. Mpangilio ni shimu kugusa mkebe, oringi juu yake, mfuniko mwisho. Mashine yenye kipoza-oili ina mfuniko wa umbo tofauti, kwa hiyo pima wako. Hesabu za mashine ya mwenzako hazikuhusu.

Ukishajaza oili, zungusha injini kwa starta plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Lakini kuanzia 1981 mashine hizi zina ignisheni ya elektroniki, na waya za plagi zikiachwa zinaning'inia hewani huku ignisheni inafanya kazi, moduli inaweza kuungua. Chomeka plagi kwenye kofia zake na uzilaze ziguse chuma cha silinda. Za kabla ya hapo zina platinamu, swichi ndogo ya kukata umeme wa cheche, mwanya wake karibu milimita 0.4. Kwa zote, taa ya taiming ikuonyeshe alama S injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu bila kuongezwa gesi, na alama F ikifika kama mizunguko 3,000 kwa dakika.

Oili za nyuma ni tatu na kila moja ina nati yake: giaboksi lita 0.8, difu hadi usawa wa tundu la kujazia, na neli ya propela shafti, ambayo kwenye mashine za shokapu mbili huchukua mililita 100 hadi 150. Hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Zote ni oili ya gia GL-5 ya 80W-90. Angalia sumaku ya nati unapomwaga. Ute wa kijivu si tatizo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni beringi inayokwisha.

Kabureta za Bing ni rahisi kuliko zinavyoonekana. Bakuli la chini hushikwa na waya mmoja tu. Libandue uone kama kuna maji au kutu. Kwenye kona ya bakuli kuna kishimo chenye jeti ndogo sana inayolisha choki. Ikiziba, pikipiki inasumbua asubuhi na watu wanalaumu betri. Toa diaframu uishike mbele ya taa: tundu la ukubwa wa ncha ya pini linatosha kuifanya injini igome kupanda mizunguko. Unapoirudisha, kijisikio cha mpira kiingie kwenye nafasi yake, la sivyo pistoni ya kabureta inakaa upande. Badilisha oringi zote, hasa ile ya shafti ya kipepeo, kwani hewa inayoingia hapo huifanya sailensa ipande na kushuka bila sababu.

Kulinganisha kabureta kunataka injini iwe ya moto, na mashine hii inapozwa na upepo wa safari. Weka feni kubwa mbele, na usizidishe dakika chache kwa mkupuo. Anza kwa kuhakikisha kila kebo ya gesi ina mchezo wa milimita 1 hadi 2 mkono wa gesi ukiwa umeachiliwa, linganisha sailensa kati ya mizunguko 800 na 1,000, kisha kebo kwa mizunguko karibu 2,000. Kwa wakazi wa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyembamba na mchanganyiko huelekea kuwa na petroli nyingi. Plagi zikiwa na masizi makavu, kushusha sindano notchi moja husaidia. Ukiteremka kwenda Mombasa kwa muda mrefu, irudishe.

Umeme wa chaji ni sehemu nyingine inayostahili subira. Kabla ya kufungua kava la mbele la injini, ondoa waya wa negativu kwenye betri. Bodi ya daiodi nyuma ya kava lile ina umeme wa betri muda wote, na kava likiigusa wakati unalivuta utaunguza bodi nzima. Betri iliyopumzika isome volti 12.6 hivi. Kwenye mizunguko 3,000 isome kati ya 13.8 na 14.2. Isipofika, anza na kitu kidogo: taa ya chaji kwenye dashi. Umeme wa kuiamsha alteneta hupita kwenye balbu hiyo, na balbu ikiungua alteneta haianzi kuchaji. Ukifungua swichi bila kuwasha injini na taa isiwake, shuku balbu, kaboni, au rota. Rota hupimwa kwa maltimita kati ya pete mbili za shaba: ile ya Bosch ya miaka hii husoma karibu omu 3.4. Ikisoma wazi, yaani umeme haupiti, imekatika. Pete na chuma cha rota zisisome chochote kati yao. Kuitoa rota kunahitaji bolti maalumu ya chuma kigumu. Bolti ya kawaida itavunjikia ndani ya kranki.

Wanaoishi pwani wafungue pia kasha la taa ya mbele kila mwaka, wasafishe viunganishi vya waya mpaka ving'ae, kwa sababu hewa ya chumvi huvila kimyakimya.

Klachi ikianza kuwa nzito na gia kuingia kwa kubisha, meno ya shafti ya giaboksi yamekauka. Giaboksi isogezwe nyuma, meno yasafishwe na kupakwa grisi ya molibdenamu, utando mwembamba tu. Ikizidi itarukia diski ya klachi. Bolti nne zinazounganisha propela shafti hutumika mara moja, weka mpya, bila washa, nyutoni mita 40. Na kama kazi itakufikisha kwenye kufungua flaiwili, zuia kwanza kranki kutokea mbele isisogee. Ikisogea, washa ya ndani inadondoka kutoka kwenye vishikizo vyake, na ukikaza flaiwili hivyo umeharibu injini kwa mkono wako.

Breki: mashine za hadi 1980 zina masta silinda chini ya tanki, haionekani, kwa hiyo inua tanki uangalie uvujaji. Weka oili ya breki ya DOT 4 mpya kila mwaka au miwili. Tairi soma tarakimu nne za tarehe ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na usisafiri na zilizopasuka hata kama kashata (meno ya tairi) ipo.

Safari ya kwanza baada ya kazi iwe fupi, kilomita 30 au 40. Ukirudi, piga tochi chini ya silinda, kwenye mipira ya mirija ya fimbo za valvu, kwenye mfuniko wa filta na kwenye nati zote za kumwagia oili. Tone moja jipya linatosha kukurudisha na spana kabla ya kufunga mizigo.