"Niliachwa na matatu": kwa mnasihi anayeanza uchanganuzi nafsi Nairobi

Mteja wako anakaa Rongai. Kikao chake ni Jumanne saa kumi na moja unusu jioni, Hurlingham. Umetoka likizo ya wiki 2 na leo ndiyo mnaonana tena. Anaingia amechelewa dakika 18, jasho usoni, simu bado mkononi. "Samahani daktari, niliachwa na matatu." Kisha kimya.

Mteja huyu ni wa kubuni, lakini sentensi yake utaisikia kabla mwaka haujaisha. Tofauti za mikondo ya uchanganuzi nafsi (tiba ya mazungumzo inayotafuta maana zilizofichika nafsini) zinaonekana vizuri zaidi katika sekunde 10 zinazofuata kuliko katika jedwali la majina na miaka: umesikia nini kwanza, na unafungua mdomo kusema nini. Wanaokariri jedwali hufaulu mtihani, kisha hukwama hapa.

Anza na Sigmund Freud, mwanzilishi wa tiba hii, kama alivyoendelezwa na bintiye Anna, ambaye mwaka 1936 alizipanga kinga za nafsi (njia za nafsi kujificha hisia zinazoitisha) zikaeleweka. Kwenye mkondo huu hukimbilii kilichofichwa. Unaanza na kile kinachokificha. Huenda mteja ana hasira ya kuachwa wiki 2, hasira hiyo inamtisha, basi matatu imebebeshwa mzigo. Unasema: "Naona ni rahisi kuizungumzia matatu kuliko kuzungumzia wiki mbili ambazo hatukuonana." Kinga kwanza, hisia baadaye. Ukipindua utaratibu ukamwambia "umenikasirikia", atakana, na hatakuwa anadanganya, kwa sababu hasira yenyewe haijamfikia bado.

Melanie Klein, mchanganuzi nafsi aliyehamia London mwaka 1926, angesikia kitu kikali zaidi: dakika 18 ni chakula kizuri kilichomwagwa makusudi, ingawa aliyekimwaga hajui. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Mwaka 1957 Klein alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tayari tuna maneno yake. Wivu unahitaji watu 3: mimi, nimpendaye, na anayeninyang'anya. Kijicho kinatosheka na 2: wewe una kitu kizuri, nami siwezi kuvumilia kwamba ni chako, heri kiharibike. Mwanafunzi anayeandika "wivu" kila mahali amempoteza Klein nusu nzima. Umerudi umepumzika, ngozi imepigwa na jua la Pwani, na mteja alibaki na madeni na mama mgonjwa. Fasiri ya mkondo huu, yaani maana iliyofichika unayomtajia mteja, ingekuwa: "Nilikwenda kupumzika, wewe ukabaki na mzigo. Labda leo kuna sehemu yako ambayo haikutaka kupokea kitu kutoka kwangu."

Fasiri hiyo inaweza kuwa kweli kabisa na bado ikamdhuru mteja. Wagonjwa wa Klein walikuja takriban kila siku ya kazi. Aliyechomwa Jumatatu alirudi Jumanne kulalamika, na malalamiko hayo ndiyo yaliyofanyiwa kazi. Freud mwenyewe aliwaona wake siku 6 kwa wiki. Hata tiba ambayo Otto Kernberg na wenzake waliitengenezea watu wenye haiba tete (hisia na mahusiano yao hugeuka ghafla) inataka vikao 2 kwa wiki. Wako anarudi Jumanne ijayo, na Januari, karo zikidaiwa, pengine baada ya wiki 2. Kila nadharia ilipikwa kwa dozi fulani, na kosa kubwa tunaloliona kwa wanaoanza ni kubeba maneno ya mkondo na kuiacha dozi. Kwa kikao kimoja cha dakika 50 kwa wiki, fasiri nzito itolewe katika nusu ya kwanza, ibaki nafasi ya kuona imefanya nini. Dakika 10 za mwisho usifungue jeraha. Kikao cha mwisho kabla ya likizo, vivyo hivyo.

Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchanganuzi nafsi wa Uingereza, angefanya kidogo sana. Hakuwa na haraka ya kujua kuchelewa kunamaanisha nini. Alitaka kwanza mteja akukute upo, hujaharibika, hujanuna. "Karibu. Tuna dakika 32." Basi. Na saa kumi na mbili na dakika ishirini unamaliza, hata kama ndiyo kwanza ameanza kulia. Wanaoanza huongeza dakika 15 kwa huruma, halafu wiki ya tatu wanajikuta wanamchukia mteja bila kujua kwa nini. Winnicott aliliandika hili miaka ya 1940: mnasihi ana chuki pia, na kumaliza kwa wakati ni njia mojawapo halali ya chuki hiyo kutoka bila kumwumiza mtu. Sentensi hiyo huwashtua wanafunzi wanaotoka kwenye mafunzo ya uchungaji. Warudie kuisoma.

Heinz Kohut, mchanganuzi nafsi wa Chicago, angesikia jeraha. Kwake wewe ulikuwa kama nguzo ndani ya nafsi ya mteja, na likizo imeing'oa. "Wiki mbili zilikuwa ndefu, halafu unafika stejini unaona gari linaondoka. Kama mambo yaleyale tena." Hapa ndipo ugomvi wa kweli ulipo: kwa Klein uharibifu upo tangu mwanzo na mtu hujifunza kuubeba, kwa Kohut hasira huja baada ya kuumizwa, na usiposhughulikia kuumizwa huko utakuwa unamlaumu aliyekanyagwa kwa kupiga kelele.

Utajuaje nani amepatia? Si kwa mteja kukubali. Nairobi mtu anayekuita daktari atasema "ni kweli kabisa" hata umwambie mwezi ni ugali. Sikiliza kinachofuata. Akileta kumbukumbu ambayo hujawahi kuisikia, au ndoto, au akakukosoa kwa mara ya kwanza, umegusa. Akiwa mpole kupita kiasi na kuanza kueleza foleni ya Lang'ata Road kituo kwa kituo, umekosea, au umewahi mno.

Jacques Lacan, mchanganuzi nafsi wa Ufaransa, angeacha yote hayo akashika neno moja. Mteja hakusema amechelewa, amesema ameachwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji aliyetajwa ni gari. Unarudia tu: "Uliachwa." Hakuna fasiri, hakuna maelezo. Kwa lugha yenye minyambuliko kama yetu, sikio hili ni la thamani kubwa, na linakufundisha kuandika maneno ya mteja kama yalivyotoka badala ya muhtasari wako. Saa yake lakini usiiige. Vikao vyake vya urefu usiotabirika vilichangia kuondolewa kwake katika orodha ya wakufunzi mwaka 1963, na mtu aliyelipa nauli ya kwenda na kurudi hatakuelewa ukimwinua kitini baada ya dakika 12.

Sikio hilohilo litumie anapobadilisha lugha. Anasimulia msiba kwa Kiingereza laini, utani kwa Sheng, na lugha ya mama inatoka mara moja tu, anapomnukuu mama. Mwombe aseme maneno hayo kwa lugha yaliyosemwa, hata kama huielewi, kisha akueleze. Na kabla hujaona Edipo (wazo la Freud kwamba mtoto wa kiume humtamani mama na kushindana na baba) kila mahali, uliza jina limetoka wapi. Kwa Wakikuyu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babake mama, na mama aweza kumwita mwanawe "baba" tangu utotoni. Freud hakuwa na familia hiyo mbele yake.

Wapo watakaokuambia kwamba yote haya ni ya Ulaya tu. Si yote. Mary Ainsworth aliwachunguza akina mama wa Kiganda na watoto wao karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, na sehemu ya nadharia ya mshikamano, ile ya kifungo cha mtoto na anayemlea, inayofundishwa leo duniani ilianzia huko.

Usichanganye mikondo ndani ya kikao kimoja. Ukimbembeleza kwa Kohut dakika ya 5 na kumkabili kwa Klein dakika ya 20, mteja hasikii nadharia mbili, anasikia mtu asiyetabirika. Shika mmoja kwa miezi 6 na msimamizi anayeujua. Maoni yetu: utaratibu wa Anna Freud, ndani ya mipaka ya Winnicott. Klein msome mapema, mtumie baadaye.

Kuna siku mikondo yote huwekwa kando. Mteja akitaja kufa, akisikia sauti, au akipigwa nyumbani, hufasiri. Unauliza waziwazi, na uwe na namba ya daktari wa akili kabla hujaihitaji.

Na matatu nayo huacha watu kweli, hasa mvua ikinyesha. Mara moja ni foleni. Mara ya tatu, kila mara baada ya likizo yako, ni usemi. Hutajua bila kumbukumbu, kwa hiyo zile dakika 10 kati ya mteja na mteja usizimalize kwenye simu. Andika saa aliyoingia, sentensi yake ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno, na ulichohisi wewe kabla hajaketi; tangu makala ya mchanganuzi nafsi Paula Heimann ya 1950 hisia za mnasihi huhesabiwa kuwa habari kuhusu mteja, mradi usizimwage kwake. Tumia msimbo badala ya jina, na orodha ya majina ikae pengine: kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, habari za afya ni nyeti. Malipo ya M-Pesa yanaacha jina lako kwenye simu ya mteja, ambayo mwenzake aweza kuifungua, basi mkubaliane mapema.

Jumanne ijayo akifika saa kumi na moja na robo na kukaa mapokezi kimya akiutazama mlango wako, hilo pia liandike.