Picha za zamani za Gulwe: laminesheni, picha zilizogandana na kutambua mwaka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu hapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Wazee na familia za wafanyakazi wa reli wameniletea picha na postikadi kama 140, nyingine zinasemekana ni za enzi za Mjerumani, ili tuweke kumbukumbu ya mji wetu. Baadhi ziliingiliwa na maji mto ulipofurika na zimegandana. Nimeshauriwa nizipige zote laminesheni. Je, nifanye hivyo? Simu inatosha kuzinakili au ni lazima skana? Na mwaka wa picha nitaujuaje?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Laminesheni usipige hata moja. Mashine za steshenari hupasha joto la nyuzi 100 na zaidi, na picha nyingi za karatasi za karne iliyopita zimebebwa na utando wa jelatini, kitu kinacholainika kwa joto. Plastiki ikishashikana na utando huo, ukiibandua unaondoka na sura za watu. Nakala watakazoshika wanafunzi, hizo zipige laminesheni upendavyo.

Anza kwa kunakili kila kitu kilivyo, hata vile vilivyogandana na vyenye ukungu. Kusafisha na kutenganisha kuje baadaye, kwa sababu hapo ndipo picha nyingi hupotea.

Kwa postikadi, simu inatosha. Kadi ya kawaida ina sentimita 9 kwa 14. Simu ya megapikseli 12 hutoa nukta 4,000 kwa 3,000, kwa hiyo kadi ikikaribia kujaza fremu unapata nukta zaidi ya 600 kwa kila inchi, kiwango kilekile ninachokishauri kwa skana. Kinachoharibu ni upigaji wenyewe. Simu ikiinama kidogo, kadi inatoka upande mmoja mpana. Ukiisogeza karibu mno, kingo zinapinda. Jua la moja kwa moja linang'aa juu ya picha na kufuta nyuso. Weka meza barazani kwenye kivuli, tandika kitambaa cheusi, laza simu juu ya ubao uliokaa kwenye matofali pande mbili na kamera ichungulie nje ya ukingo, kisha hakikisha kwa pimamaji kwamba simu na meza vimelala sawa. Zima flashi, usivute zumu, na piga kwa kipima muda ili kidole kisitikise simu. Weka rula pembeni ya kadi. Miaka ijayo mtu atataka kujua ukubwa wake halisi.

Picha ndogo za sentimita 6 kwa 6 na zile za paspoti zitafutie skana, nukta 1,200 kwa inchi. Nakili kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe, maana madoa, wino na rangi ya karatasi ni ushahidi. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Upande mmoja wa postikadi kwa nukta 600 huchukua kama MB 21, hivyo kadi 140 mbele na nyuma ni GB 6 hivi, na flashi ya bei ndogo inazibeba. Lakini weka nakala tatu, moja nje kabisa ya Gulwe. Mto uliogandisha picha hizi utarudi. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti. Ukizituma kama picha zinabanwa na kupoteza ubora.

Tuje kwenye zilizogandana. Kwanza chukua lenzi ya mkono uangalie. Ukiona vidotidoti vilivyopangwa, hiyo imechapwa kiwandani kwa wino. Kadi za namna hiyo zenye karatasi ya kung'aa, zikishagandana, kwa kawaida hazitenganishiki tena. Nakili pande zinazoonekana uziache. Usipoona vidoti, huenda ni picha halisi ya jelatini, na hizo hukubali maji. Tumia maji baridi, ya chupa au ya mvua yaliyo safi, kwa sababu visima vingi vya Dodoma vina chumvi na itaacha ukoko mweupe. Maji ya betri usiyaguse, mengine ni tindikali. Zilaze kwenye sinia nusu saa, kisha ziangalie kila baada ya dakika kumi. Zinapaswa kuachana zenyewe. Ukilazimika kuvuta, bado. Zianike uso juu, kivulini, kwenye chandarua kilichokazwa kwenye fremu.

Kabla ya hapo jaribu na picha mbili usizozijali sana. Ukungu hula jelatini, na picha iliyoliwa inaweza kuyeyuka yote majini. Zenye maandishi ya kalamu ya wino nyuma, zilizopakwa rangi kwa mkono na zilizotoka kwenye printa ya kompyuta zisiingie majini kabisa. Iliyogandia kioo cha fremu iache hapohapo, uinakili kupitia kioo.

Sasa mwaka. Watu wengi hutazama mbele tu, ilhali nyuma ya kadi ndiyo yenye majibu. Wajerumani waliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja kuanzia 1905. Kabla ya hapo nyuma ilikuwa ya anwani tu, na salamu zilibanwa pembeni mwa picha. Stempu za Deutsch-Ostafrika, yaani koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zenye thamani kwa sarafu iliyoitwa "pesa" ni za kabla ya 1905, zenye sarafu ya heller ni za baadaye. Stempu za Tanganyika zenye picha ya twiga zilianza 1922, na kuanzia 1935 stempu ziliunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ila stempu inakwambia kadi ilitumwa lini. Picha yenyewe inaweza kuwa ya miaka kumi nyuma, kwani maduka yaliuza akiba ya zamani.

Reli nayo inasaidia. Ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907 na Tabora 1912. Gulwe iko mbele ya Morogoro ukitoka Dar es Salaam, basi picha yoyote ya Gulwe yenye reli haiwezi kuwa ya kabla ya 1907, hata kama babu ameapa. Karatasi yenye kingo za msumeno huwa ya miaka ya 1940 hadi 1960, na ya plastikiplastiki, isiyochanika kirahisi, ni ya kuanzia karibu 1970.

Maelezo yaliyochapwa kwenye kadi usiyaamini moja kwa moja. Picha ya stesheni moja iliweza kuuzwa kwa jina la nyingine. Hapa angalia milima. Mto Kinyasungwe hujaa mchanga na kuhama, daraja husombwa, mti hukatwa, lakini mstari wa kilele cha mlima unabaki. Chukua nakala ya A4, zunguka nayo mpaka vilele vilingane na vya kwenye picha, kisha andika umesimama wapi. Ukitafuta picha za kulinganisha kwenye hifadhi za Ujerumani, andika majina kwa tahajia yao: Mpapua, Kilossa, Daressalam. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani wa enzi hizo, ziko Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, na nyingi zinaonekana bure mtandaoni.

Wazee waulize mmojammoja. Ukiwakalisha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua yule pale ni nani, na wengine watakubali kwa heshima. Wakitofautiana, andika majibu yote, jina la aliyesema na tarehe, pamoja na majina ya Kigogo ya mahali kama walivyoyatamka.

Faili ziite kwa namba, mfano GLW_0001_mbele na GLW_0001_nyuma, na namba hiyohiyo iandike kwa penseli kwenye bahasha. Usiandike kwenye picha. Bahasha ziwe za karatasi nyeupe isiyo na gundi katikati, au plastiki ya polipropilini. Albamu yenye harufu kali ya plastiki mpya huwa ni ya PVC, aina ya plastiki inayotoa tindikali taratibu. Kisha ziingie kwenye sanduku la bati, juu ya kichanja mbali na ukuta ili kuepuka mchwa, katika chumba chenye dari. Chini ya bati tupu joto la Oktoba litazikunja kama majani makavu.

Mwisho, kila familia itie saini karatasi mbili: idadi ya picha walizotoa, ruhusa ya kuzionyesha hadharani au la, na siku ya kurudishiwa. Wewe ubaki na moja.