Zunguka Nyuma ya Sanamu

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa kijana mmoja anayesoma London. "Shikamoo dada. Jumamosi nimeenda British Museum kwa ajili ya makala zako. Juu nimeona mawe yasiyo na vichwa, chini nikaona kiti cha bunduki. Nimetoka na njaa tu. Hivi dada yangu, wewe unaona nini pale?"

Marahaba mdogo wangu. Sikulaumu.

Nilipofika London nilijiandikisha darasa la jioni la kuchora. Wiki ya tatu mwalimu akataka kila mtu ataje sanamu iliyomkaa moyoni. Wenzangu wakataja za Roma na Athens. Mimi nikataja ujamaa wa mjomba wangu: gogo moja la mpingo, watu wamepandana tangu chini hadi juu, kila mmoja kamshikilia mwenzake. Mjomba alilichonga pale Mwenge, Dar es Salaam, kwa miezi, mimi nikiwa mtoto wa kutumwa maji. Mwalimu akatabasamu, akasema hizo ni kazi nzuri za kuwauzia watalii, ila leo tunazungumzia sanaa. Watu wakacheka kidogo. Niliinamia karatasi yangu hadi kipindi kikaisha. Sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau.

Darasa nililiacha. Makumbusho sikuyaacha. Kiingilio ni bure, na Ijumaa hufungwa usiku, kwa hiyo nikitoka kazini nilikuwa napita, mwanzoni kwa hasira tupu. Nilitaka kujua hao Wagiriki wana nini ambacho mjomba hana.

Kilichonifungua macho ni neno la mjomba mwenyewe. Alizoea kutuambia kwamba mteja anatazama uso, lakini fundi anatazama mgongo na visigino, maana huko ndiko mzigo unakokwenda. Basi siku moja nikasimama kwa yule mwanamke wa marumaru aliyetoka Erechtheion, hekalu la kale kwenye kilima cha Acropolis, Athens. Walikuwa 6, wamebeba paa kwa vichwa vyao tangu mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Mmoja alichukuliwa na Lord Elgin, balozi wa Uingereza, akaletwa London, watano wako Athens. Mbele yake ni gauni tu. Nikazunguka. Nyuma kuna nywele nene zilizosukwa, zimeshuka hadi mgongoni, na hapo nikaelewa: shingo tupu ya jiwe isingehimili paa, kwa hiyo mchongaji akaificha nguvu ndani ya nywele. Mguu uliobeba uzito, mikunjo ya nguo imenyooka kama mifereji ya nguzo. Mguu mwingine umelegea, goti linasukuma kitambaa. Nilisimama pale nikalia, nasema kweli. Nilikuwa namwona mjomba.

Kisha nikamfuata mrusha kisahani. Myron, mchongaji wa Kigiriki, aliitengeneza ya kwanza kwa shaba nyeusi, iliyo wazi ndani, nyepesi na ngumu, inayoweza kukaa hata kwa mguu mmoja. Iliyopo London ni nakala ya Kirumi ya marumaru, na marumaru kwenye kifundo cha mguu huvunjika. Ndiyo maana kuna kisiki kimesimama nyuma ya mguu wake. Watu wengi hudhani ni pambo la msituni. Ni mhimili! Hata mjomba akichonga mkono ulionyooka aliacha kipande cha gogo kiushikilie, kwa sababu mpingo ukikauka vibaya hupasuka. Na kile kichwa kilirudishiwa baadaye kikitazama upande usio wake. Mrushaji wa Myron alikuwa amegeuka kukitazama kisahani. Ukishajua hilo, shingo yenyewe inakuonyesha.

Sasa shuka kwenye kumbi za Afrika. Kile kiti kilichokuudhi kimeundwa na msanii Kester wa Maputo kwa silaha zilizosalimishwa baada ya vita vya Msumbiji kwisha mwaka 1992. Watu walileta bunduki wakapewa majembe, baiskeli, vyerehani. Hakuna hata moja kati ya silaha zile iliyotengenezwa Msumbiji. Fanya vilevile ulivyofanya juu: zunguka, tafuta mzigo. Mitutu ndiyo inayobeba. Kitu kilichoundwa ili kiangushe mtu kimelazimishwa kumkalisha mtu. Kwetu sisi watu wa Newala, tulio ng'ambo tu ya Ruvuma, hiyo si habari ya mbali. Mama yangu aliwaona wakimbizi wakivuka.

Mwezi uliopita nilitembeza watu 11 mle makumbusho, kundi langu kubwa kuliko yote, na najivunia. Mama mmoja mwenye asili ya Katanga, kule Kongo, alipomfikia yule mwanamke wa Athens akasema, "Huyu ni wa kwetu." Akatueleza viti vya machifu wa Waluba, ambapo mwanamke aliyechongwa hukibeba kikalio kichwani. Mimi nikawasimulia Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka 2019 aliweka wanawake 4 wa shaba nyeusi kwenye vishubaka vya ukuta wa mbele wa Metropolitan Museum, New York, vilivyokaa vitupu tangu 1902. Mutu alikuwa akiwafikiria wabebaji wote wawili, wa Ugiriki na wa Afrika. Wanawake wake hawana paa kichwani. Wameketi. Yule mama alinyamaza muda mrefu.

Kwa hiyo, wadogo zangu, acheni kusoma kibao cha maelezo kwanza. Acheni kupiga picha ya uso mkaondoka. Msikubali mtu awaambie kwamba cha zamani ni sanaa na cha leo ni takataka, wala kinyume chake, maana anayesema hivyo hajazunguka nyuma. Zungukeni. Ulizeni nani amebeba nini, kwa kitu gani, na kingevunjikia wapi. Chagueni sanamu mbili tu kwa siku, moja ya kale na moja ya sasa, mkae na kila moja nusu saa.

Na wewe uliyeniandikia, kula kwanza. Jumamosi ijayo njoo ukumbi wa yule mwanamke wa Erechtheion saa nane mchana. Usinitafute mbele yake.